Grili, kufuli, taa au kamera: pesa ndogo ya ulinzi wa nyumba uianzie wapi?

Mtu akiibiwa, au jirani yake akiibiwa, kesho yake anakwenda Kariakoo kununua kamera. Nimeona hilo mara nyingi mno, ndiyo maana naandika ulinganisho huu. Kamera si kitu kibaya. Ila kama una laki moja tu ya kulinda nyumba, kamera iwe ya mwisho kwenye orodha yako. Skrubu ndefu, komeo na filimbi vitangulie. Nitalinganisha kitu kwa kitu, kwa macho ya mtu wa Dar es Salaam aliyepanga chumba na sebule, au ambaye ndiyo kwanza amehamia kwenye nyumba yake isiyokamilika huko Chanika, Kivule au Bunju.

Kwanza tukubaliane tunamzuia nani. Nazungumzia kibaka na mdokozi: yule anayepita mchana akijifanya anauliza chumba cha kupanga, anayengoja mtoke, anayepenyeza mti mrefu wenye ndoano dirishani usiku na kuvua suruali iliyobeba simu. Huyu anaogopa mambo matatu: kuchelewa, kusikika na kuonekana. Kabla hujatoa hela, jiulize kifaa hicho kinamletea lipi kati ya hayo. Majambazi wenye mapanga ni habari nyingine. Hao wakija, baki ndani, funga, piga yowe, piga 112, namba ya polisi.

Mlangoni: kitasa, kufuli au komeo?

Hapa ndipo pesa inapofanya kazi kuliko mahali pengine popote, na ndipo watu wanapobania.

Nyumba nyingi za kupanga zina vitasa vya bei rahisi vya leva mbili (leva ni vile vibati vya ndani ya kitasa ambavyo ufunguo huvinyanyua). Vitasa vya namna hiyo vina aina chache za funguo, kwa hiyo si ajabu ufunguo wa chumba cha nyuma kufungua chumba cha mbele. Cha leva tano kina gharama zaidi, lakini kinamtesa mtu mwenye funguo malaya na kipande cha waya. Hata ukinunua cha kawaida, nunua kipya siku unayohamia. Mpangaji aliyetangulia ana ufunguo, dalali huenda anao, na fundi wa funguo kwenye kona anachonga nakala kwa dakika chache bila kuuliza nyumba ni ya nani. Kile kitasa cha zamani kiweke kabatini. Siku ya kuhama unakirudisha mlangoni na kuondoka na chako; mwenye nyumba hana la kulalamika.

Kufuli lina faida yake: halihitaji fundi, na unahama nalo. Lakini lina udhaifu wa aina mbili. La kwanza, kufuli linaloning'inia nje linamtangazia kila mpita njia kwamba ndani hakuna mtu. Kitasa hakisemi kitu. La pili ni tumbuu, kile kibati cha mlangoni kinachopitishiwa kufuli. Watu wananunua kufuli zito la elfu thelathini, kisha wanalifunga kwenye tumbuu la bati jembamba lililoshikiliwa na skrubu nne fupi, vichwa vyake viko nje vinaangalia barabara. Mwizi haligusi kufuli. Anafungua skrubu kwa bisibisi, anaingia, na kufuli lako linabaki zima kabisa. Dawa yake ni bolti zinazopenya mlango mzima, nati zikazwe upande wa ndani. Kama mlango ni wa grili, mwambie fundi achomelee tumbuu, asilifunge kwa skrubu. Na kati ya kufuli lenye mkono mrefu uliopinda na lile la duara ambalo mkono wake umejificha, chukua la duara. Mtaimbo hauna pa kushika, na mkasi wa kukatia nondo hauna pa kuuma.

Komeo la ndani, au pingo la mbao ngumu linalolala kwenye ndoano mbili za chuma, ndilo bora kuliko vyote hivyo wakati wa usiku. Halina tundu la ufunguo, halionekani kutoka nje, na fundi seremala analiweka kwa bei ya mlo. Bibi zetu walikuwa wanalala na pingo mlangoni. Sijui kwa nini tuliliacha, labda kwa sababu halipendezi kwenye picha za nyumba za kisasa.

Sasa kuna jambo la skrubu, ambalo ndilo ninalolipigia debe kuliko yote. Fungua mlango wako uangalie kile kibati cha kwenye fremu ambamo ulimi wa kitasa unaingia. Mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili za nusu inchi. Mtu akipiga teke, mbao inapasuka hapo, kitasa kikiwa bado kimefungwa. Badilisha uweke skrubu za inchi tatu zinazopita fremu hadi ndani ya tofali, ukitanguliza fisha ukutani, kile kibomba cha plastiki cha kushikia skrubu. Fanya hivyo na kwenye bawaba zote. Ni kazi ya mchana mmoja na drili ya kuazima, na hakuna kitu kingine kwenye ulinganisho huu chenye bei ndogo hivyo kinachoongeza ugumu kiasi hicho. Kama mlango unafungukia nje, tazama pia pini za bawaba: zikiwa nje, zinagongwa kwa tindo zinatoka juu, na mlango unaondolewa mzimamzima. Tone la kuchomelea kwenye kila pini linamaliza habari.

Madirishani: nondo, chuma bapa au bomba la mraba?

Fundi grili atakuonyesha picha kwenye simu, na zote zinavutia. Muulize swali moja: chuma hiki ni kizima au kina uwazi ndani? Bomba la mraba lina uwazi. Linapakwa rangi vizuri, linang'aa, na jeki ya gari ikiwekwa katikati ya mabomba mawili inayatanua bila hata kutoa kelele. Chuma bapa chembamba kinapindika vilevile. Nondo ya milimita 12, au chuma cha mraba kizima cha unene huo huo, haina urembo, lakini ni ngumu zaidi kuikata, na msumeno wa chuma usiku wa manane unasikika nyumba ya tatu. Kama bajeti inabana, ni heri nondo tupu zilizonyooka kuliko bomba lenye maua.

Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi inchi nne au tano. Kichwa kikipita, mwili unapita, na wapo wezi wanaotanguliza watoto.

Halafu kuna namna ya kulifunga. Grili la kufungwa na fisha na skrubu kwenye ukuta linawekwa haraka na linatoka haraka. Grili lililochomelewa kwenye vipande vya nondo vilivyozikwa ndani ya tofali linahitaji kubomoa ukuta. Tofauti ya bei ni ndogo ukiamua wakati nyumba bado haijapigwa plasta. Ukishapiga plasta na rangi, utaona uvivu. Ukilazimika kutumia skrubu, zikaze kisha fundi achomelee vichwa vyake visishikwe na bisibisi.

Mpangaji hawezi kuchomelea dirisha la mtu, lakini hajakosa la kufanya. Kwenye madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, kata kijiti cha mbao ngumu kinacholingana na reli, kilaze ndani ya reli ya chini. Dirisha halisogei. Tatizo la pili la madirisha hayo ni kwamba kioo kinaweza kuinuliwa na kutolewa kwenye reli; skrubu fupi moja au mbili kwenye reli ya juu, zikijitokeza kidogo tu, zinakinyima nafasi ya kuinuka.

Na yule mvuvi wa suruali? Nondo hazimsumbui, maana yeye haingii. Wavu wa chuma wa matundu madogo uliofungwa kwenye grili unamzuia, na bei yake kwa mita moja haitishi. Wavu wa mbu wa plastiki ni wembe mmoja tu. Lakini kabla hujanunua wavu, hamisha kitanda, chaja na msumari wa kutundikia nguo upande wa pili wa chumba. Hiyo ni bure.

Hapa nijibu na la dawa ya usingizi, kwa sababu kuna wanaonunua feni na kuziba madirisha kwa ajili yake. Inasemekana wezi wanapuliza dawa dirishani, nyumba nzima inalala fofofo. Madaktari wa usingizi wa Uingereza, kupitia chuo chao cha kitaaluma, waliwahi kutoa tamko kuhusu hofu kama hiyo ya watu wanaolala kwenye magari: kumlaza mtu bila yeye kujua kwa kupuliza etha, klorofomu au dawa za hospitali kupitia dirishani haiwezekani. Ingehitaji kiasi kikubwa mno, na harufu ingemwamsha. Watu wanaolala saa tisa usiku, baada ya kutwa ya foleni na joto, hawahitaji kupuliziwa chochote ili wasisikie.

Kuna onyo moja juu ya grili ambalo sitaki lipite. Nyumba iliyofungwa nondo kila upande ni mtego moto ukitokea. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili lake lina bawaba na kufuli la ndani, na ufunguo uning'inie mahali ambapo mtoto anafika lakini mkono wa mtu aliye nje haufiki. Ukiwa unajenga, hilo ni agizo moja tu kwa fundi. Namba ya Zimamoto ni 114, lakini magari yao nayo yanapita njia zetu zilezile.

Taa: ya sola au ya LUKU?

Balbu ya LED ya wati 5 ikiwaka saa 12 kila usiku inatumia uniti 1.8 kwa mwezi. Haifiki hata mbili. Ile balbu ya zamani ya wati 60 ingekula uniti 21.6, na ndiyo iliyowafundisha wazee wetu kuzima taa za nje. Kwa hiyo anayesema taa ya nje inamaliza umeme, hesabu yake ni ya zamani.

Taa ya sola yenye kihisi, ile inayowaka mtu akipita, inauzwa kwa kati ya elfu kumi na thelathini kutegemea ukubwa, na haijali umeme ukikatika. Hilo ni jambo kubwa, kwani wezi wanapenda usiku wa giza la mtaa mzima. Inastua pia: mwanga unaowaka ghafla unamfanya mtu adhani ameonekana. Upungufu wake ni huu. Kihisi kinatambua tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira, kwa hiyo usiku wa Januari wenye joto kali kinakuwa kizito. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mawingu yanaipunguzia chaji. Betri yake huchoka baada ya muda, na taa nyingi za bei ya chini zimefungwa kiasi kwamba kuibadilisha ni kuivunja. Paka akipita inawaka, na baada ya wiki mbili hakuna anayeamka kutazama.

Ningechagua balbu ya LUKU mbele, mahali ambapo majirani wanapaona, na ya sola nyuma kwenye uchochoro na karibu na choo cha nje. Mwanga mahali pasipoonekana na mtu yeyote unamsaidia mwizi kufanya kazi yake, kwa hiyo huko nyuma taa ya kushtua ni bora kuliko ya kudumu. Zote ziwe juu, mita mbili na nusu au zaidi. Balbu iliyo usawa wa mkono hufunguliwa mchana kweupe, na wewe usiku unadhani imeungua.

Kitu cha kupiga kelele

Kengele ya sumaku ya mlangoni ni kile kifaa cha vipande viwili, kimoja kwenye mlango na kingine kwenye fremu. Vikiachana, kinalia. Hakitaki fundi, kinabandikwa kwa gundi yake, kinatumia betri ndogo, na mpangaji anahama nacho. Kwa nyumba ya vyumba vingi yenye watu karibu, nakipa alama za juu, kwa sababu kelele ya kitu kidogo kwenye uwanja wa pamoja inaamsha watu kumi. Kwenye nyumba iliyo peke yake shambani inalia, na nyani wanasikiliza.

Kokoto chini ya madirisha ni kengele isiyo na betri. Mwaga tabaka la inchi mbili, mtu hawezi kutembea juu yake kimya. Mabaki ya ujenzi yanatosha.

Kisha wapo walinzi wa kufugwa. Mbwa anatisha kuliko kifaa chochote, lakini ni mdomo wa kulisha kila siku, chanjo ya kichaa cha mbwa ya kurudia kila mwaka, na nyumba zetu nyingi za Waislamu hawamtaki karibu na mahali pa kuswalia. Vilevile anapewa nyama yenye sumu, na mtaa mzima unajua hilo. Kanga ni chaguo linalosahaulika. Wanalala juu mtini, wanasikia kila kitu, mgeni akiingia wanapasua usiku kwa makelele, na mayai yao unakula. Shida ni kwamba wanapiga kelele hata kwa kunguru, na kwenye kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini majirani watakuchukia kabla ya wezi. Mwenye eneo kubwa Kivule, fuga kanga. Mwenye chumba Manzese, nunua kengele.

Kamera

Sasa tumefika kwenye mpenzi wa watu. Kamera ya Wi-Fi ya bei ya kawaida inataka vitu vitatu kwa pamoja: umeme, intaneti na wewe kuwa macho. Umeme ukikatika, imekufa, isipokuwa umeiwekea betri ya akiba yake na ya ruta. Bando likiisha, haikuletei taarifa, ingawa yenye kadi ya kumbukumbu inaendelea kurekodi. Na ukiwa umelala, inarekodi mtu aliyevaa kofia na barakoa akibeba televisheni yako kwa utulivu. Nimeonyeshwa video za namna hiyo kwenye makundi ya WhatsApp zaidi ya mara moja, na sikumbuki hata moja iliyoishia kwa televisheni kurudi.

Ina mahali pake. Ukiwa na duka, ukiwa na mtumishi na mtoto mdogo nyumbani, ukiwa unaishi mbali na nyumba yako unayoijenga, kamera inakupa jicho. Ukiamua kununua, badilisha nywila iliyotoka nayo kiwandani siku hiyohiyo, iweke juu, na ielekeze kwenye lango lako, isichungulie uani kwa jirani. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, jirani aliyekasirika hakupigii simu akiona mlango wako uko wazi.

Kabla hujatoa laki, jaribu simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Kuna programu za bure zinazoigeuza kuwa kamera, na inabaki na betri yake umeme ukizimika. Usiiache kwenye chaja miezi na miezi tu, betri ya simu iliyochoka huvimba.

Uzio, kwa kifupi

Ukuta mrefu ni ghali na una tabia mbili: unamzuia asiyetaka sana kuingia, na unamficha aliyekwisha kuingia. Chupa zilizovunjwa juu yake hushindwa na gunia lililokunjwa. Nyaya za wembe zinafanya kazi vizuri zaidi, kwa gharama zaidi. Michongoma au bogenvilia ni miche na subira tu. Baada ya misimu michache hakuna anayepenyeza mkono humo. Minyaa inakua upesi lakini utomvu wake ni hatari kwa macho ya watoto.

Usiunganishe uzio au grili na umeme wa LUKU. Uzio wa umeme wa kununua una mashine inayotoa mapigo mafupi yenye nguvu iliyowekewa kikomo. Waya uliotolewa moja kwa moja kwenye soketi unaua, na wa kwanza kuugusa mara nyingi ni mtoto wa nyumbani anayefuata mpira.

Watu

Filimbi inanunuliwa kwa bei ya soda. Nyumba kumi zikiwa na filimbi kumi, na makubaliano kwamba ikilia kila mtu anawasha taa na kupuliza yake, mmepata kitu ambacho hakuna kamera inayokifikia. Mfumo wa nyumba kumi tunao tangu enzi za TANU, na Wakenya nao waliuchukua mwaka 2013. Mjumbe wako anajulikana, mwenyekiti wa mtaa ana ofisi. Ulinzi shirikishi wa mchango wa kila mwezi ni nafuu mno ukilinganisha na mlinzi binafsi, ila chunguza kama wanazunguka kweli au wanaota moto kwenye kona moja hadi alfajiri. Na mkimkamata mtu, mpelekeni polisi. Kelele ya mwizi ikishageuka mawe na matairi, haina wa kuizima, na aliyelala chini si kila mara ndiye.

Kama una kiasi hiki

Ukiwa na elfu hamsini: skrubu ndefu, komeo au pingo, vijiti vya reli za madirisha, filimbi. Zikibaki, kengele moja ya sumaku.

Ukiwa na laki moja na nusu na umepanga, ongeza kitasa kizuri, kufuli la duara lenye tumbuu la bolti, na taa moja ya sola ya nyuma. Simamia hapo. Usimjengee mwenye nyumba.

Kama nyumba ni yako, kabla ya vigae na jipsamu, weka nondo zilizozikwa ukutani kwenye madirisha yote, hata kama grili la mlango litasubiri mwaka ujao. Wengi hufanya kinyume: mlango wa mbele unang'aa, na dirisha la jikoni lina wavu wa mbu peke yake.

Na kuna la bure kwa wote. Bonyeza *#06# kwenye kila simu ya nyumbani uandike namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, andika namba za nyuma ya televisheni na kompyuta, piga picha risiti, kisha vitume kwa ndugu anayeishi kwingine. Kituoni utaulizwa hivyo, na simu uliyovihifadhi ndani yake ndiyo itakayokuwa imeibwa.